Herufi Nne Zilizofutika

Kilolo,
3 Machi 2024

Mwanangu Tusekile,

Kamwene. Mimi mama yako mdogo ni mzima, ila goti la kushoto linanitangazia mvua kabla ya redio. Mahindi yamefika kiunoni. Mwambie mama yako, dada Faustina, kwamba yule mbuzi wake amezaa mapacha. Mmoja yupo, mwingine ameliwa na mbwa wa jirani, na jirani anaapa kwamba mbwa wake hali nyama. Mwalimu Joachim anakusalimu sana. Ni yule mwalimu mstaafu niliyekuambia, anayefundisha watoto tuisheni nyuma ya kanisa. Akimaliza mchana huja kukaa kidogo hapa dukani. Hajawahi kukuona, lakini nimemsimulia habari zako mpaka anakujua kwa jina.

YAH: KIBODI YENYE TAA

Mzigo ulifika Alhamisi kwa basi na umekuja wakati wake. Kibodi yangu ya zamani ilikuwa imeng'oka kitufe cha nafasi, nikawa naruka kutoka neno hadi neno kwa kubonyeza kijiti cha kiberiti. Hii yako inalia kama taipureta, na kila herufi ikishika unaisikia. Kwa hilo nakushukuru kutoka moyoni.

Lakini mimi nimekuwa katibu muhtasi miaka thelathini na moja kabla ya kufungua steshenari, na kazi ya katibu muhtasi ni kuuliza. Kwanza, boksi limekatwa na kufungwa tena kwa gundi ya karatasi. Pili, kile kibonye chenye picha ya dirisha, chini kushoto, kimekufa. Tatu, herufi W, A, S na D zimefutika kabisa, nyingine zote ziko kama mpya. Nimekaa nikitafuta ni barua gani ya Kiswahili inayoandikwa kwa W, A, S na D peke yake. Sijaipata. Nne, hizo taa za rangi zote zinazopita kama maji ni za nini? Mwandishi anayehitaji kumulikiwa herufi ilipo hajafundishwa.

Kitu kizuri hivi hakitolewi bure na mwanafunzi. Kilitoka wapi, na kwa nini kimekuja kwangu? Usinipigie simu kunijibu. Simu naipokelea dukani, na duka lina masikio. Andika.

Mama yako mdogo,
Severina Kalinga


Mbeya,
17 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Huku Iyunga tuko salama. Mama anasema mbwa wa huyo jirani yako atupiwe nyama mbele yake ndipo ataamini. Mvua inanyesha mpaka nguo haziwezi kukauka. Chuo kinaendelea. Mpe mwalimu wako salamu, na umwambie mtu anayejulikana bila kuonekana hulipwa soda.

Umeniuliza kama polisi, nami nitakujibu kama muuzaji asiye na haraka, uzuri na ubaya.

Hiyo ni kibodi ya gemu, mama. Ni ngumu. Niliona moja ikiangushwa kutoka mezani ikaendelea kuandika. Ukiandika haraka haimezi herufi, hata ukibonyeza vitufe vitano kwa pamoja vyote vinafika, na wewe unaandika kama mvua ya mabati. Kila kitufe kinang'olewa, ukapuliza vumbi, ukakirudisha. Waya wake umefumwa kwa uzi, panya hawezi kuukata haraka.

Ubaya: ina kelele, mpaka wa ng'ambo ya barabara atajua kama unafanya kazi au umesinzia. Ni nzito. Taa zake zinakula umeme wa betri yako ya akiba umeme ukikatika. Na hicho kibonye hakijafa, kimefungwa makusudi ili mchezaji asikiguse kwa bahati mbaya katikati ya vita. Kibonyeze pamoja na Fn, kitafufuka. Hiyo Fn ndiyo inayoamrisha na taa pia, kwa hiyo usiiguse ovyo.

W, A, S, D ndizo miguu ya gemu: mbele, kushoto, nyuma, kulia. Aliyekuwa nayo alitembea sana. Ndiyo maana zimefutika.

Itumie tu, mama. Zawadi haichunguzwi.

Mwanao,
Tusekile


Kilolo,
21 Aprili 2024

Mwanangu Tusekile,

Kamwene. Baridi imeanza kuuma masikio. Lusia, yule mama wa chai wa hapa jirani, amejifungua salama mtoto wa kike na wiki ya pili amerudi kwenye jiko lake, sijui amefanyizwa kwa chuma gani. Mwalimu Joachim anakusalimu. Pasaka alinisindikiza kutoka kanisani. Ni mtu mstaarabu, hanywi hata pombe ya ulanzi.

YAH: KIBODI, BARUA YAKO YA 17 MACHI

Kibonye kimefufuka, asante. Taa nazo zimenyamaza. Wateja walikuwa wanasema nimefungua disko, nikaona aibu. Mwalimu Joachim akabonyeza hapa na pale akazituliza, sasa ni nyeusi tii kama kibodi ya watu wazima.

"Aliyekuwa nayo" hana jina? Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu. Nimeandika barua za wakubwa wengi waliotaka kuficha jina la mtu, na wote waliandika hivyo hivyo.

Kuanzia wiki ijayo nina mitihani ya ujirani mwema ya darasa la saba. Shule tano za jirani zinatungiana mtihani mmoja, na kwa mwaka wa sita walimu wakuu wameniletea mimi kuuchapa. Si kwa sababu ya bei. Ni kwa sababu faili nalifunga kwa neno la siri lisilojulikana na mtu yeyote, na karatasi zinatoka mbele ya mwalimu wa taaluma siku ya mwisho. Hapa Kilolo mimi sina mume, sina mtoto wa kuzaa, sina msitu wa mbao. Nina hilo jina, kwamba kinachoingia kwa Severina hakitoki.

Nijibu swali langu.

S. Kalinga


Kilolo,
9 Juni 2024
(kwa mkono)

Tusekile,

Kamwene. Wote wazima.

YAH: KUVUJA KWA MTIHANI

Naandika kwa mkono na utaelewa kwa nini. Mtihani ulifanyika tarehe 27 Mei. Swali la tisa la hesabu lilihusu magunia ya viazi. Rasimu niliyoletewa ilisema magunia 48, nami nikaandika 48. Siku ya kuchapa, mwalimu wa taaluma akagundua ni 84, nikasahihisha mbele yake, tukatoa karatasi. Katika kusahihisha wamekuta watoto kumi na saba, wa shule tatu tofauti, wametoa jibu la magunia 48. Hakuna karatasi hata moja duniani iliyotoka ikiwa na 48. Rasimu niliifungia kabatini, kwa hiyo iliyobaki kuwa nayo ni kompyuta yangu peke yake.

Walimu wakuu watano walikuja dukani pamoja. Hakuna aliyepaza sauti. Wa kwanza aliangalia kalenda, wa pili akaangalia viatu vyake. Wakasema kazi ya Agosti itapelekwa mjini Iringa. Mmoja wao nilimfundisha katekisimu. Waliponipa mgongo nililia mbele ya watu, mimi ambaye sikulia nilipostaafu.

Neno langu la siri halikuandikwa popote. Mashine ni ile ile ya miaka sita. Kitu kipya ndani ya duka ni kimoja tu, kilichotoka Mbeya ndani ya boksi lililokatwa, kutoka kwa mtu asiye na jina. Mtu mmoja mwenye uelewa ameniambia kwamba vijana wa mjini siku hizi wanategesha vifaa, kila unachoandika kinaandikwa pembeni na kutumwa kwao. Nimeing'oa. Iko ndani ya kiroba cha mchele wa Madibira, imefungwa kamba.

Nakuuliza mara moja na sitarudia. Ulijua? Na kama hukujua, nani alikupa?

Mwalimu Joachim anakusalimu, pamoja na yote.

Severina


Mbeya,
15 Juni 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Mama ni mzima, sijamwonyesha barua yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya mizigo stendi, na nimekaa chini hapo hapo kwenye mifuko ya watu.

Sikujua, kwa sababu hakuna cha kujua. Kibodi ya waya haina kumbukumbu wala laini ya simu. Ni sawa na kusema kijiko kimesimulia ulichokula. Mchukue fundi yeyote aifungue mbele yako. Akikuta kitu zaidi ya vumbi na makombo, nitakuja Kilolo nipige magoti mbele ya hao walimu watano.

Inaniuma, mama. Umenilea likizo zote nikiwa mdogo, ulinifundisha kukunja barua pembe kwa pembe, na leo mimi ni "kijana wa mjini." Kuhusu aliyekuwa nayo, sitakujibu leo. Si kwa sababu ya mtihani wako. Ni jambo langu, na wewe ukiwa umekasirika siwezi kulisema.

Ila na wewe una unayonificha. Mtu mwenye uelewa ni nani? Ana jina? Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu.

Nina maswali mawili, ukiweza yajibu kama katibu muhtasi. Hao watoto kumi na saba wa shule tatu wanakutana wapi wakitoka shule? Na taa zilipotulizwa, zilizimwa kabisa, au ni nyeusi mpaka mtu aguse?

Tusekile


Kilolo,
30 Juni 2024
(kwa mkono)

Tusekile,

Kamwene. Hatujambo. Viazi vimevunwa. Yule mbuzi aliyebaki anaendelea vizuri.

YAH: MASWALI YAKO MAWILI

La pili kwanza. Sijui. Mimi siangalii mikono. Chuoni mwaka 1986 tulifunikwa mikono kwa kitambaa cheusi, na aliyechungulia alipigwa rula. Tangu siku hiyo macho yangu yako kwenye rasimu au kwenye kioo, chini sishuki. Taa ziwake, zisiwake, haziwezi kunihusu.

La kwanza. Watoto hukutana sehemu nyingi. Kanisani, kisimani, tuisheni, uwanjani. Huwezi kumshuku mtu kwa sababu watoto wanamzunguka.

Fundi alikuja, ameifungua. Amekuta vumbi, unywele mmoja mrefu na punje za karanga. Amesema ni kibodi tu. Mtu niliyemtaja anasema fundi wa Kilolo hawezi kuona vitu vya kisasa hivyo. Ndiyo, ni Mwalimu Joachim aliyesema. Ulitaka jina, umelipata. Amefundisha miaka thelathini na minne, na katika mwezi huu ambao watu wanapita mbele ya duka langu wakiangalia upande wa pili, yeye peke yake ndiye anayekuja, anakaa kwenye kiti chake mbele ya meza, ananiletea karanga. Naomba usiandike neno lolote juu yake.

Anakusalimu.

Severina


Mbeya,
4 Julai 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Sitaandika neno lolote juu yake. Nitakuomba ufanye kitu kimoja, halafu ukinichukia unichukie.

Toa kibodi kwenye kiroba, uichomeke. Mwite Lusia, umkalishe kwenye kiti chako, aandike jina lake kwa kidole kimoja. Wewe kakae kwenye kile kiti cha mbele ya meza. Usiangalie kioo. Angalia mikono ya Lusia.

Halafu ujiulize, unapokwenda kuchukua chai kwa Lusia, duka unamwachia nani.

Sina zaidi. Mama anakusalimu.

Tusekile


Kilolo,
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu wiki sita. Kila nilipoanza barua niliichana. Goti ni zima, baridi imepungua, dada Faustina mwambie nitampigia. Hizi ndizo salamu zote nilizo nazo leo.

Nilifanya ulivyosema. Lusia alicheka, akamfunga mtoto mgongoni, akaandika jina lake. Mimi nikiwa kwenye kile kiti, mikono mapajani, nikaona L inawaka. Kisha U, kisha S. Herufi ilikuwa inawaka inapoguswa, inabaki kidogo, halafu inafifia taratibu, na kabla haijafifia ya pili imewaka. Jina zima lilipita mbele yangu kwenye giza la kibodi kama mtu ameandika kwa makaa. Hilo lilikuwa mbele yangu karibu miezi miwili, mimi nikitazama kioo kwa kiburi changu cha kutoangalia mikono. Wote waliosimama mbele ya meza ile waliona. Lakini aliyekaa alikuwa mmoja.

Sasa nikuambie ambayo sikukuambia. Saa kumi kila siku nilikuwa nikitoka kwenda kwa Lusia kuchukua chai, vikombe viwili. Nilikuwa nakaa kidogo kule tukiongea, kwa sababu nilijua kuna mtu ananisubiri, na kusubiriwa ni kitu nilichokuwa nimekisahau. Yeye alibaki dukani. Nilikuwa namshukuru kwa kunilindia.

Hata baada ya kuona taa sikuamini. Nilijiambia labda ni mteja, labda ni shetani. Nikamjaribu, Mungu anisamehe. Nilimwambia walimu wakuu wamelegea, wamenirudishia mtihani wa Agosti kimya kimya. Alifurahi kuliko mimi. Alifurahi pia kuona kibodi imetoka kwenye kiroba, akasema sikupaswa kuiogopa. Nikatunga mtihani wangu mwenyewe, wa uongo kuanzia jina la shule. Swali la tatu lilisema mzee Selestini ana ng'ombe 37 na mbuzi 12 kule Usangu, kisha wizi ukatokea. Mzee Selestini hayupo popote, nilimtoa kichwani. Nikafunga faili kwa neno jipya, FAUSTINA, nikaliandika polepole, yeye akiwa kwenye kiti chake anamenya karanga. Kisha nikaenda kuchukua chai.

Kwa Lusia nilikaa mpaka chai ikapoa. Niliomba asiguse. Niliomba kabisa, kwa jina la Bikira Maria, nirudi nimkute anasoma gazeti. Nilimkuta anasoma gazeti, nikamwamini siku nne.

Siku ya tano akaja Minza, mama wa Kisukuma aliyehamia hapa kutoka Usangu, anataka kutoa kopi karatasi ya tuisheni ya binti yake ili na mdogo wake asome. Karatasi imeandikwa kwa mkono. Ule mwandiko naujua, una mikia mirefu, ndio uliokuwa ukiniandikia kadi za Pasaka. Swali la tatu, mzee Selestini, ng'ombe 37, mbuzi 12. Minza akaniuliza kama kopi itatoka vizuri. Nikamwambia itatoka vizuri.

Mwenye mwandiko aliponiona siku ile na hiyo kopi mezani hakukana. Alisema wazazi walikuwa wameanza kuwapeleka watoto kwa walimu vijana, na kwamba ni mitihani ya ujirani mwema tu, si ya taifa, haimdhuru mtu. Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe wanakuamini, Severina, yangepita." Nikamuuliza, "Na Tusekile, uliyenitaka nimshuku?" Akachukua kofia yake.

Jumatatu nilikwenda kwa walimu wakuu, mmoja mmoja, kwa miguu. Niliwaambia lililotokea lote. Niliwaambia pia kwamba kosa la kwanza ni langu, nilimwachia mtu duka lenye siri za watu kwa sababu nilipenda ujio wake. Ningeweza kulinyamazia hilo la mwisho. Lakini siri niliyolipwa kuitunza ilikuwa yao, na hii ilikuwa yangu, nikaona niitoe. Sasa Kilolo nzima wanajua kwamba Severina katika umri huu alidanganyika. Yule niliyemfundisha katekisimu alinisindikiza mpaka barabarani. Amesema mwakani wataona.

Limebaki moja na ndilo lililonifanya nichane barua zote. Neno la siri la mtihani wa Mei, lile alilolisoma kwenye taa. Lilikuwa Tusekile. Miaka sita nimefunga mitihani kwa jina lako, kwa sababu ndilo jina ambalo mikono yangu hailikosei. Nilimsimulia habari zako, nikakuletea salamu zake kila barua, na mtu aliyezoea jina hilo hakuhitaji kuona herufi zote. Na mimi nikaandika jina lako asubuhi, na mchana nikakushuku.

Nisamehe, mwanangu. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Mama yako mdogo,
Severina


Mbeya,
25 Agosti 2024

Mama mdogo wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine. Mama anauliza kwa nini nalia juu ya barua ya mbuzi. Nimemwambia yule pacha aliyebaki ana homa, kwa hiyo ukipiga simu umuuguze kidogo.

Yamekwisha, mama. Nilikukasirikia mwezi mzima, nikachoka. Tena nilimshuku mwalimu wako tangu alipotuma salamu yake ya tatu. Mtu asiyewahi kukuona hawezi kukukumbuka hivyo bila kuwa na lake jambo.

Sasa na mimi. Aliyekuwa nayo ni mimi. Unywele mrefu ni wangu na karanga ni zangu. Nilianza kwenye ukumbi wa gemu karibu na chuo, kisha nikanunua yangu, nikawa nacheza kama mtu anayelipwa. Kule ndani nilikuwa mzuri, mama. Kuna watu wa nchi ambazo sitafika walikuwa wananisubiri mimi ndipo waanze. Unaposema kusubiriwa, naelewa. Vipindi vikaanza kunipita. Februari matokeo yalipobandikwa nilikuwa na sapu nne, mitihani ya kurudia, kati ya masomo sita. Nikishindwa sapu hizo nadisko, yaani naondolewa chuo, uuguzi umekwisha. Mama hajui. Anajua "chuo kinaendelea."

Siku hiyo hiyo nilienda stendi na boksi. Nililifungua njiani mara moja nirudi nayo, nikalifunga tena kwa gundi ya karatasi niliyoomba kwenye duka la vitabu. Ningeiuza ningeinunua tena. Nilijua kwako tu haitatoka. Ndiyo sababu sikuweza kukujibu, kila uliponiuliza ilitoka wapi ulikuwa unaniuliza nimefanya nini na mwaka wangu.

Sapu naanza kesho kutwa. Usiirudishe, hata nikikuandikia kuiomba. Hasa nikikuandikia kuiomba.

Tusekile


Kilolo,
8 Septemba 2024

Mwanangu Tusekile,

Kamwene. Goti linasema mvua bado. Mtoto wa Lusia ameota jino la kwanza na amelijaribu kwenye kidole changu. Mbuzi nimemuuguza kwa simu kama ulivyoagiza, dada Faustina ameniombea dawa.

YAH: BARUA YAKO YA 25 AGOSTI

Imepokelewa, imesomwa mara moja, imefungwa. Haitasikika kutoka kwangu. Mama yako utamwambia mwenyewe, matokeo yakiwa mazuri au mabaya, na siku hiyo ukinihitaji nitapanda basi.

Kibodi inabaki hapa mpaka uniletee cheti mkononi. Taa nimezizima zote kwa Fn, na safari hii nilishuka macho nikahakikisha. Neno la siri nimelibadilisha, na usiniulize. Nimesogeza meza, sasa anayeingia anaona mgongo wa kompyuta, si kibodi. Kile kiti cha mbele nimekipeleka nyumbani, nakitumia kupandia kufikia dari.

Nina kitu cha kukuambia juu ya hizo herufi nne. Mtu anayeandika bila kuangalia haoni herufi, anaisikia. A, S na D ndipo vidole vyangu vya kushoto vinapolala kabla ya kuanza kazi. Mwezi Machi nilisikia kwamba ni laini kuliko nyingine, na nilidhani ni ubovu. Sasa kila asubuhi nikiweka mkono hapo najua mtoto wangu alikaa hapa saa nyingi kiasi gani, peke yake, akitafuta njia. Ungeniambia tangu mwanzo nisingekugombeza sana.

Andika matokeo yakitoka.

Mama yako mdogo,
Severina

Anayekusalimu wiki hii ni Lusia.